Simba Alipata Filamu, Sisi Tukapata Kipande

Wasee wa Garissa, na nyinyi mlio Eastleigh, Wajir, Mandera na kwingine kote, leo tunaongea historia. Najua neno historia linafanya kidole kitake kusogeza skrini. Subiri kidogo, hii inakuhusu.

Kila mjadala wa filamu za Kenya ukiwaka mtandaoni, orodha ni ile ile. Nairobi Half Life. Supa Modo. Riverwood. Mtu mwenye umri kidogo atakumbuka Saikati. Halafu lazima atokee msee mmoja wa kuuliza, "Na nyinyi wa North Eastern mmetoa nini?" Anauliza akicheka. Na vijana wetu wenyewe wanamjibu kwamba sisi tumechelewa, kwamba sinema si mambo yetu, kwamba kwetu ni ngamia na duka.

Mimi hilo jibu nalikataa. Ukiiweka miaka ya filamu ya Kenya kando ya miaka yetu sisi, mwaka kwa mwaka, utaona kwamba aliyechelewa ni yule aliyeachwa njiani, na sisi hatukuachwa njiani. Tulifungiwa. Na hiyo kamera tunayoambiwa tumechelewa kuijua ilikuwa kaskazini mwa Kenya miaka mia moja iliyopita.

Tuanze hapo basi.

Mwaka 1924 mume na mke kutoka Marekani, Martin na Osa Johnson, walipanda mlima Marsabit na shehena ya kamera. Wakajenga kambi kando ya ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno, wakaliita Ziwa Paradiso, wakaishi pale mpaka 1927. Walikuwa wanapiga filamu ya wanyama. Mmoja wa waliowaunga mkono kwa pesa ni George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, na 1926 alifunga safari mwenyewe akaja Kenya kuwatembelea. Matokeo ya kazi hiyo ni filamu iliyoitwa Simba, ikatoka 1928 na kuonyeshwa Marekani.

Sasa shika hii. Marsabit wakati huo ilikuwa sehemu ya NFD, ile Northern Frontier District ya mkoloni, pamoja na Garissa, Wajir, Mandera, Moyale na Isiolo. Na mwaka huo huo wa 1926, serikali ya kikoloni ilitangaza NFD kuwa eneo lililofungwa. Maana yake huingii bila ruhusa na hutoki bila ruhusa. Mfugaji aliyezaliwa pale, ambaye babu zake walifuata mvua na malisho kabla Mzungu hajachora mpaka wowote, alianza kuhitaji karatasi ya kumruhusu kutembea. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine ya wilaya maalum, ikawapa wakuu wa serikali nguvu zaidi za kuwakamata na kuwahamisha watu.

Kwa hivyo kamera ilipita mlangoni kwenda kuwatazama ndovu, wakati mwenye nyumba anaulizwa cheti. Hapo ndipo historia yetu ya filamu inaanzia.

Upande mwingine wa Afrika Mashariki, watu weusi walianza kuonekana kwenye filamu kwa njia tofauti, ila usifurahi haraka. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi Tanganyika, makao yake Vugiri kule milima ya Usambara, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walioendesha ni Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Walitengeneza filamu fupi 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na mpaka nchi za kusini. Hadithi zenyewe zilikuwa mahubiri. Kuna moja ya vibarua wawili: mmoja anazika pesa yake ardhini inaibwa, mwenzake anaiweka benki ya posta inabaki salama. Ujumbe umeupata. Nyingine zilihusu kodi, minyoo, na kijana anayetoka kijijini akafika mjini akawa mwizi.

Halafu vita vikuu vya pili vilipoanza 1939, London ikaunda Colonial Film Unit. Mkubwa wake, William Sellers, alikuwa na imani moja ambayo mimi nikiisoma nacheka kisha nakasirika. Aliamini Mwafrika hawezi kufuata picha zikibadilika haraka. Kwa hivyo filamu za kuonyeshwa Waafrika zilitakiwa ziende polepole, kamera itulie, na mambo yasirukeruke. Mtoto wa Garissa leo anatazama klipu kumi kwa dakika moja na anakueleza zote. Sellers angezimia.

Lakini kuna kitu kizuri kilitokea bila wao kupanga. Zile filamu za lori zilihitaji mtu wa kusimama kando na kipaza sauti aeleze kwa lugha ya pale kinachoendelea. Mtu huyo alikuwa mwenyeji. Na mwenyeji akipewa kipaza sauti mbele ya umati usiku, unadhani atasoma alichoandikiwa tu? Ukimsikiliza DJ Afro akiitafsiri filamu ya Kichina au ya Kihindi, akiwapa wahusika majina ya mtaani na kuongeza matusi mepesi ambayo hayamo, unasikia ile kazi ya kando ya lori ikiwa imekua. Kwangu mimi, sehemu ya kwanza ya sinema tuliyoimiliki Afrika Mashariki ilikuwa sauti. Picha ilikuwa yao, maneno tukayachukua. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Baada ya vita, Hollywood na London wakaigeuza Kenya studio yao ya nje. King Solomon's Mines, 1950. Mogambo, 1953. Mwaka 1955 Waingereza wakatoa Simba, nyingine tofauti na ile ya kina Johnson, kuhusu Mau Mau, na ukiitazama unajua uchungu wa nani ndio unahesabika. Mkenya katika hizi filamu anabeba mzigo, anarusha mkuki, au anafungua mlango.

Sasa fika 1966, mwaka ambao mimi huurudia kila nikiongea na watu kuhusu jambo hili.

Mwaka 1966 ilitoka Born Free, hadithi ya simba jike Elsa aliyelelewa na Joy Adamson na mumewe George. George alikuwa askari wa wanyamapori wa NFD, na nyumbani kwao ilikuwa Isiolo. Filamu ilipigwa hapa Kenya, ikapendwa dunia nzima, ikashinda tuzo mbili za Oscar, zote za muziki. Hadithi yenyewe inagusa moyo: mnyama aliyezoea watu anafundishwa kuishi porini, anaachiliwa aende zake. Aliyezaliwa huru.

Na watu wa eneo lile lile alilotoka Elsa, walikuwa wapi 1966? Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 Desemba, siku kumi na sita baadaye, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari kaskazini kwa sababu ya vita vilivyoitwa vya shifta. Kufikia 1966, mpango ulikuwa kuwakusanya wafugaji kwenye vijiji vya lazima vilivyolindwa na askari. Kutoka ni kwa saa zilizopangwa. Mifugo ikafa au ikachukuliwa. Mtu mwenye ngamia mia akageuka mtu wa kupanga foleni ya chakula. Vita vyenyewe vilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991.

Sina ugomvi na Elsa, maskini. Nasema tu kwamba mwaka mmoja, eneo moja, simba alifunguliwa dunia ikalia machozi, na binadamu alifungwa hakuna aliyeona. Hakuna aliyeona kwa sababu hakukuwa na kamera upande huo.

Sasa tazama taifa lilikuwa linajenga nini miaka hiyo hiyo. Chuo cha kufundisha mafundi wa utangazaji, ambacho leo tunakijua kama KIMC, kilianza 1961. Televisheni ilianza Nairobi 1962. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, Sura ya 222, ilianza kutumika 1963, na kwa sheria hiyo hupigi filamu bila leseni, na afisa anaweza kuamuru polisi awepo unapopiga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaundwa Kenya Film Corporation, shirika la serikali ambalo kazi yake kubwa ikawa kuingiza na kusambaza filamu za nje. Miaka ya 1970 KIMC ikaanza kufundisha filamu kwa msaada wa Wajerumani.

Soma tena hiyo orodha taratibu. Vifaa Nairobi. Mafunzo Nairobi. Leseni Nairobi. Kumbi za sinema Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru. Hata huko Nairobi mambo yalikuwa magumu, tusidanganyane. Ilichukua nchi zaidi ya miaka ishirini tangu uhuru kupata Kolormask ya Sao Gamba, mwaka 1986, hadithi ya Mkenya anayerudi kutoka Uingereza na mke Mzungu. Mwaka 1992 Anne Mungai akatoa Saikati, msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa akitaka kusoma. Filamu ya kitaifa ilikuwa inajikokota kwa magoti hata pale ilipopendelewa.

Sasa jiulize kijana wa Bulla Iftin mwaka 1986 angefanyaje. Yuko chini ya hali ya hatari. Akisafiri anasimamishwa. Kamera ya filamu ni bei ya lori. Leseni inatoka mji ambao akifika anaulizwa yeye ni Mkenya wa wapi. Miaka mitatu baadaye, 1989, Wakenya wa asili ya Kisomali wote wakaamrishwa kusajiliwa upya na kubeba kadi ya ziada juu ya kitambulisho. Huyo kijana ndiye tunayemcheka leo eti hakutoa filamu?

Na hapa ndipo mchezo unaisha. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi hapa hapa Garissa ulichomwa moto katika operesheni ya askari, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini. Watu walikusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi, wakakaa juani siku kadhaa. Wazee wanaiita Garissa Gubai, kuchomwa kwa Garissa. Februari 1984 wanaume wa Wajir walipelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo, wakalazwa kwenye lami ya moto, wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano katika ripoti yake ya 2013 ilisema idadi inaweza kuwa karibu 1,000.

Kati ya 57 na 1,000 kuna nini? Kuna watu ambao hawakupigwa picha. Dunia ilijua kiasi fulani kwa sababu watu wachache, akiwemo Annalena Tonelli, mama Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, walikusanya majina ya waliokufa na kuyatoa nje kwa siri. Majina kwenye karatasi. Hicho ndicho kilichokuwa kumbukumbu yetu. Filamu ya maana kuhusu Wagalla, Scarred, ya Judy Kibinge, ilikuja 2015, miaka thelathini na moja baadaye. Namshukuru sana huyo mama. Lakini kufikia hapo, mashahidi wangapi walikuwa wameshazikwa?

Ndio maana nasema suala la filamu si la burudani peke yake. Taifa likianza kujipiga picha, wanaoingia kwenye fremu wanakuwa taifa, na wanaobaki nje lazima wathibitishe kwamba walikuwepo.

Najua kuna atakayesema, "Lakini hata wazee wetu walikataa kamera. Walisema ni haramu, ni upuzi." Kuna ukweli hapo na sitaukwepa. Wapo waliokataa kwa dini, na hoja yao naiheshimu. Ila wengi hawakuwa wanaogopa picha kwa sababu ya vitabu. Walijifunza kwamba mtu wa serikali akikuandika jina, akikuangalia uso, na akitaka kujua ukoo wako, kinachofuata si kizuri. Awoowe aliyefunika uso mbele ya kamera alikuwa na sababu zake, na aliyempa hizo sababu hakuwa imamu wa msikiti.

Tena hatukuwa watu wasio na hadithi. Tulihifadhi kwa sikio. Shairi moja lilibebwa kutoka kisima hadi kisima na mtu aliyelishika kichwani, bila kupunguza mstari. Zilipokuja kaseti, mashairi, barua za sauti na nyimbo zikasafiri kwa mikanda kutoka Mogadishu hadi Eastleigh hadi Ghuba. Na kwenye vibanda vya video vya Garissa, nani hajui filamu za Kihindi zilizotiwa Kisomali? Mpenzi wa Mumbai analia kwa Kisomali safi, na ayeeyo ambaye hajawahi kufika hata Thika anamlilia naye. Unakumbuka nilichosema kuhusu yule mtu wa kando ya lori? Ni ile ile. Picha ya wengine, sauti yetu. Kwa hivyo kipaji hakikukosekana siku hata moja. Kilichokosekana ni mkono kwenye kamera.

Riverwood ndiyo ilinifanya niamini mambo yanageuka. Pale River Road, watu ambao hakuna shirika wala balozi aliyewajua walichukua kamera ndogo za video, wakapiga vichekesho kwa lugha za nyumbani, wakanakili kwenye kaseti kisha kwenye diski, wakauza mkono kwa mkono kama nyanya. Picha zilikuwa mbaya na sauti inakwaruza, lakini watu walinunua kwa sababu walijiona. Tume ya filamu ya Kenya ilianzishwa 2005, wakati River Road ilikuwa imeshaanza biashara. Serikali ilifika ikakuta soko liko wazi.

Na sisi? Hadithi yetu iliyofika mbali zaidi ni Watu Wote. Desemba 2015, basi la kwenda Mandera lilivamiwa na al-Shabaab karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Filamu fupi ya tukio hilo iliongozwa na Katja Benrath, mwanafunzi wa Hamburg, ikateuliwa kuwania Oscar 2018. Ni kazi nzuri na ilifanywa kwa heshima, pamoja na waigizaji na mafundi wa Kenya. Lakini fikiria: ujasiri ni wetu, damu ni yetu, barabara tunaijua kila shimo, na aliyeiandalia filamu alitoka Ujerumani. Eye in the Sky, ile ya ndege zisizo na rubani juu ya Eastleigh, ilipigwa Afrika Kusini. Eastleigh yenyewe haikuhitajika.

Ndugu zetu Wasomali wa nje wameonyesha inawezekana. Mwaka 2021 Khadar Ayderus Ahmed alichukua tuzo kubwa ya FESPACO, Burkina Faso, kwa The Gravedigger's Wife, filamu ya Kisomali iliyopigwa Djibouti. Hadithi ni ndogo kabisa: mchimba kaburi anatafuta pesa za upasuaji wa mkewe. Hakuna bunduki. Hakuna maharamia. Mume, mke, mtoto na bili ya hospitali. Ukiitazama unasema, hawa ni majirani wetu.

Sasa mimi na wewe tuna simu ambayo picha yake kina Johnson wangeilia. Na mnajua nini tunafanya nayo, mimi nikiwa mmoja wenu: mizaha, dansi, mapishi, kuchokozana kuhusu mahari. Sawa, vicheko vina kazi yake, hata Riverwood ilianza kwa vichekesho. Lakini mtu aliyekuwa na miaka ishirini Bulla Kartasi ikichomwa 1980 sasa ana zaidi ya sitini. Aliyekuwa kijana kwenye vijiji vya lazima vya 1966 yuko karibu na themanini, kama bado yupo. Kila mwezi tunazika mmoja, tunasoma Yasin, tunakula wali, tunarudi nyumbani. Na filamu nzima imeingia kaburini.

Kwa hivyo hili ndilo ombi langu, na halihitaji leseni ya Nairobi kulianza. Ijumaa baada ya chakula, kaa na awoowe au ayeeyo. Omba ruhusa kwanza, kwa adabu. Akikataa uso, elekeza kamera kwenye mikono yake, au rekodi sauti tu, tumeona sauti inafika mbali. Usimuulize "maisha yalikuwaje zamani", atakujibu alhamdulillahi na kunyamaza. Muulize jina la kisima. Muulize ngamia wake wa kwanza aliitwa nani. Muulize siku ile uwanjani alikaa karibu na nani. Acha anyamaze akitaka kunyamaza, usikate. Kisha weka nakala mahali pawili, kwa sababu simu huibwa.

Iftin kwa Kisomali ni nuru, na filamu haipigwi bila nuru. Jina tulipewa zamani. Ijumaa ni kesho kutwa.